Nyumba Kumi na Nne Zisizotumiwa Farasi

Tarehe kumi na saba Desemba, saa nne asubuhi, programu ya anwani ilikuwa haimo tena kwenye kompyuta ya akina Nozue. Ndani yake mlikuwa na majina ya wateja mia mbili na watatu. Kumi na wanne kati yao walikuwa wamefiwa mwaka ule, na nyumba iliyofiwa haipelekewi kadi ya mwaka mpya. Sasa hakuna aliyejua ni nyumba zipi.

Nozue Kiyoharu, fundi wa tatami, ile mikeka minene ya kutandika sakafu nzima, mwenye miaka hamsini na saba, alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, miwani imepanda kwenye paji la uso. Mkewe Mitsuyo alisimama nyuma yake ameshika bunda la kadi mia moja themanini na tisa, zote zina picha ya farasi anayeruka, kwa sababu katika kalenda ya wanyama kumi na wawili mwaka unaokuja ulikuwa wa farasi.

"Ilikuwa hapa," Kiyoharu alisema, akagonga kioo kwa kidole. "Hapa chini. Kipicha cha brashi."

"Sasa iko wapi?"

"Ningejua, ningekuwa naigonga?"

Mitsuyo aliweka bunda mezani. "Baba Chinatsu, umeifanya nini mashine hii?"

"Sijaifanya kitu. Nimeisafisha."

Mambo yalikuwa hivi. Tangu Oktoba kompyuta ilikuwa inalalamika kwamba mfumo wake umezeeka na hautatunzwa tena, bora wakubali mpya. Kiyoharu aliikatalia miezi miwili kama anavyowakatalia wauza bima. Tarehe sita alichoka akakubali. Ilifanya kazi kwa muda wa saa nne, ikazima, ikawaka, ikarudi na sura nyingine. Aliangalia hali ya hewa, akaona inatosha, akaifunga.

Jumapili ya tarehe kumi na nne ikawa siku ya usafi wa kufunga mwaka. Mtaa mzima wa Takaoka ulikuwa unafuta vumbi. Mitsuyo aliosha feni ya jikoni, Kiyoharu aliteremsha taa zote, na alipomaliza taa akachukua kijiti cha meno akasafisha vitufe vya kompyuta kimoja kimoja. Alipoiwasha kuona kama inafanya kazi, ikamuuliza: kuna mafaili ya mfumo wa zamani yanajaza nafasi, niyafute? Siku ya usafi mtu akiulizwa swali hilo anajibu nini? Alibofya ndiyo. Alikumbuka hata kwamba alijisikia vizuri.

"Haidhuru," alisema sasa. "Lete zile kadi za misiba zenyewe. Tutasoma kwenye hizo."

Alikuwa anasema za kijivu na zambarau, zile ambazo wafiwa huandika kuanzia Novemba kuwaambia watu kwamba mwaka huu tumepoteza mtu, hatutapeana heri. Kila ilipofika moja, Mitsuyo alikuwa anaitia alama ndani ya programu, na programu yenyewe ikawa inalijua jina la kuruka.

Mitsuyo hakwenda kuzileta. Aliketi.

"Zimechanwa," alisema.

"Nani kazichana?"

"Mimi. Jumapili. Kwa ile mashine ya mkono. Nilikuwa nimeshaziingiza zote. Majina ya watu hayatupwi kwenye mfuko wa taka yakisomeka."

Walitazamana. Nyumba yao haijawahi kuwa safi namna ile.

*

Kwa fundi wa tatami kadi si adabu tu. Mtu akibadilisha mikeka ya nyumba yake leo, atabadilisha tena baada ya miaka kumi, kumi na mitano. Katikati hapo hana shida na fundi. Kitu pekee kinachomwambia kwamba fundi Nozue bado yupo ni kadi ya tarehe mosi Januari.

Halafu kuna wafiwa. Aliyefiwa hukusanya ndugu nyumbani kabla mwaka haujaisha tangu msiba, na hataki waketi juu ya mikeka iliyochakaa. Kwa hiyo nyumba iliyofiwa mwaka huu ndiyo nyumba itakayompigia fundi simu mwakani. Nyumba kama hizo hupelekewa kadi nyingine, ya kijivujivu, ya kuulizia hali wakati wa baridi, baada ya tarehe saba. Ukimtumia mjane farasi anayeruka na maneno ya heri na furaha, hatakutukana. Atanyamaza, na mwakani gari la lile duka kubwa la barabara kuu litaegeshwa mlangoni pake. Baba yake Kiyoharu alikosea hivyo mara moja, kwa muuza pombe. Mikeka ishirini na miwili. Mpaka leo familia ile inamwinamia Kiyoharu njiani vizuri sana, na haijamwita.

Ili kadi zifike tarehe mosi, lazima ziwe posta kabla ya siku ya tarehe ishirini na tano kwisha. Zilibaki siku nane.

*

Saa sita na nusu binti yao Chinatsu alipiga simu kutoka Nagoya, wakati wa mapumziko ya mchana kwenye kliniki ya meno anakofanya kazi. Mama yake alikuwa amemtumia ujumbe wa maneno matatu: Baba kavunja kompyuta.

"Baba, andika jina la programu kwenye kisanduku cha kutafutia."

"Nimeandika. Inaniletea matangazo ya kuninunulisha."

"Fungua orodha ya programu zote zilizomo."

"Nimefungua. Kuna michezo ya karata, kuna kitu cha kupikia, sijui nani kakiweka. Brashi haipo."

"Basi mfumo mpya umeikataa. Programu yenyewe ya mwaka gani?"

"Uliichagua wewe, ukiwa sekondari."

"Baba! Nina miaka thelathini na tatu."

"Inafanya kazi vizuri."

"Ilikuwa inafanya. Sasa sikiliza, usiogope. Mfumo ukibadilika, vitu vya zamani huwa vinawekwa pembeni kwa siku chache. Programu za zamani zilikuwa zinaficha anwani humo humo ndani yake, kwa hiyo zitakuwa kwenye folda moja kubwa sana. Iangalie."

Kiyoharu aliondoa kidole kwenye kipanya. "Hiyo kubwa sana... ikifutwa?"

"Kwani umeifuta?"

"Ilikuwa siku ya usafi, mwanangu. Hata mama yako kachana kadi za misiba."

Upande wa pili zikasikika pua za mtu anayejizuia kucheka. "Na mama kadi za misiba kazichana siku hiyohiyo? Nyinyi wawili mlistahili kuoana."

*

Siku ya pili Kiyoharu aliifunga kompyuta ndani ya kitambaa, akaipakia kwenye gari la kubebea mikeka, akaipeleka kwenye dirisha la matengenezo la duka la vifaa vya umeme. Alichukua namba thelathini na moja. Benchi lilikuwa limejaa watu wa rika lake na kuzidi, kila mmoja amepakata kitu chake kilichofungwa kitambaa, kama watu wanaosubiri daktari wa mifugo.

"Kadi?" bibi wa pembeni aliuliza bila kumwangalia.

"Kadi."

"Mimi zangu themanini. Wewe?"

"Mia mbili na tatu."

"Masikini," bibi alisema, akasogea kidogo kumpa nafasi.

Fundi wa dirishani alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ana adabu nyingi, kila neno analipunguza sauti ili lisiumize. Aliangalia mashine dakika kumi na tano. Alisema programu ile haiwezi kukaa kwenye mfumo mpya. Alisema programu mpya ipo, anwani ndizo hazipo. Kampuni ya kufufua mafaili ilikuwepo Tokyo: yeni elfu sitini kwa kuanzia, majibu katikati ya Januari, na ahadi hakuna.

"Bwana hukuweka nakala ya akiba?"

"Ningeweka ningekuja hapa?"

"Samahani sana." Fundi aliinama. Kisha alitoa karatasi chini ya meza, akaisukuma kwa mikono miwili. Ilikuwa na mifano ya maneno ya kuaga: jinsi ya kuwaandikia watu kwamba kuanzia mwakani hutatuma kadi tena, kwa sababu ya umri. "Siku hizi wateja wetu wengi wa umri wenu wanapumzika na jambo hili. Wanasema wamepata amani."

"Umri wetu upi?"

Fundi alitazama nywele zake, akatazama meza. "Yeni elfu tatu na mia tatu, ya ukaguzi," alisema kwa sauti ndogo kuliko zote.

Kiyoharu alilipa. Karatasi aliichukua, kwa sababu kuikataa kungekuwa ukorofi, akaitumia kuwekea kikombe cha kahawa ndani ya gari.

*

Anwani zenyewe hazikuwa shida kubwa. Katika kabati mlikuwa na sanduku la kadi walizopokea mwaka jana, na kila kadi ina anwani ya aliyeituma. Waliobaki walikuwemo kwenye vitabu vya risiti. Mitsuyo alihesabu akasema kuziandika upya kwenye kompyuta na kuziandika kwa mkono ni kazi moja, na kompyuta yeye hataki kuiona mpaka machipuko.

"Kwa mkono?" Kiyoharu aliuliza.

"Una mikono miwili."

Ana mikono mizuri. Anaweza kushona pindo la tatami bila kuangalia. Lakini aliacha shule ana miaka kumi na mitano akaingia karakana ya baba yake, na mwandiko wake ulibaki pale pale alipouacha, mwandiko wa mtoto aliyekasirika. Kwa miaka kumi na saba ile programu ilikuwa imemfichia aibu hiyo. Wateja walidhani fundi Nozue ana mwandiko wa mtawa.

Walikaa kwenye meza ya moto, ile fupi yenye hita chini yake, miguu ndani ya blanketi, bakuli la machungwa katikati, theluji inaanguka taratibu nje. Mitsuyo aliandika haraka na vizuri. Kiyoharu aliharibu kadi moja, akaharibu ya pili.

"Hii umemwandikia nani?" Mitsuyo aliinua moja.

"Kitagishi."

"Ingefika kwa mwingine kabisa. Iache. Wewe piga simu, tafuta wafiwa."

Walikuwa wanakumbuka tisa. Hao ni wale ambao Kiyoharu na mkewe walikwenda mazikoni kwao au walisikia habari zao njiani. Hesabu ya kumi na nne waliijua kwa sababu Mitsuyo alinunua kadi mia moja themanini na tisa na hakununua hata moja ya ziada. Watano walikuwa wamezama kati ya majina mia moja tisini na nne.

Lakini utampigiaje mtu simu kumuuliza kama kwake kuna aliyekufa, wakati alishakuandikia kukwambia?

Kiyoharu alijitungia sababu. Angesema anakagua hali ya mikeka wakati wa baridi, kama kuna unyevu, halafu aulize habari za nyumbani juujuu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja anaitwa Tsubokawa.

"Mikeka haina unyevu, asante."

"Vizuri sana. Na nyumbani... wote wapo?"

"Wapo kivipi?"

"Yaani wapo. Wazima. Hawajapungua."

"Fundi, kwani umesikia nini? Mume wangu yuko hospitali asubuhi hii anapimwa tumbo! Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, mama! Ni mikeka tu!"

Simu ilikatwa. Baada ya dakika ishirini bwana Tsubokawa mwenyewe alipiga kutoka hospitali, akauliza kwa upole fundi anajua nini kuhusu tumbo lake. Mitsuyo alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza kwa kucheka.

"Nisaidie basi badala ya kunicheka!"

"Wote wapo!" alisema, machozi yanamtoka. "Hawajapungua!"

Kwa siku mbili alipiga simu arobaini. Alipata maagizo mawili ya kubadilisha mikeka, lalamiko moja la mende, na mwaliko wa kula samaki. Mfiwa hakupata hata mmoja. Siku ya tatu alifika kwenye jina la mzee Toriumi, mwenye miaka tisini na moja, ambaye Kiyoharu aliamini karibu kabisa kwamba nyumba yake ni moja ya zile tano. Alipanga sauti yake ya pole kabla ya kubonyeza namba.

"Haloo!" sauti ya mzee ilipasuka sikioni.

Kiyoharu alisogeza simu mbali na sikio. "Mzee... Toriumi?"

"Mimi. Wewe nani?"

"Nozue. Wa tatami. Napiga kuulizia... unyevu."

"Unyevu, Desemba? Na mbona umeshtuka nilipopokea?" Mzee alivuta pumzi. "We Kiyoharu. Umepiga ujue kama nimekufa."

"Hapana, mzee, hata kidogo—"

"Usinidanganye, nilimjua baba yako, naye alikuwa hajui kudanganya. Sema."

Kiyoharu alisema yote, tangu kijiti cha meno. Mzee Toriumi alicheka mpaka akakohoa, akaondoka kwenye simu kunywa maji, akarudi.

"Mwaka huu nimekwenda mazishi kumi na moja," alisema kwa fahari kidogo. "Sina kazi nyingine. Wananiweka mstari wa mbele. Njoo na chupa, na usilete ya bei rahisi. Na kadi yangu iwe na farasi mnene, nisije nikaonekana nimesahauliwa."

Kiyoharu alikwenda na chupa ya yeni elfu moja mia tisa na themanini, ambayo si ya bei rahisi wala si ya kujivunia, na mzee aliisoma karatasi yake yote kabla ya kuipokea. Alitoa majina matatu ya wateja wa Nozue: mke wa muuza mbao, kaka wa daktari wa macho, na mama mkwe wa fundi wa baiskeli, aliyefia Kanazawa. Kila jina alieleza chakula kilichoandaliwa.

Wa nne alipatikana kupitia Chinatsu, aliyesoma kwenye simu yake kwamba bibi wa rafiki yake wa sekondari, ukoo wa Mizoguchi, alifariki Agosti. Wakawa kumi na watatu.

*

Walikuwa wameanza kupeleka posta zile ambazo hazina wasiwasi wowote. Mpaka tarehe ishirini na mbili mia na hamsini zilikuwa zimeshakwenda. Mkono wa Mitsuyo uliuma ikabidi Kiyoharu aandike pia, akaandika nyingi, na zilizoharibika zikafika kumi na moja. Posta hubadilisha kadi iliyoharibika kwa ada ndogo. Kiyoharu aliona ni bora anunue nyingine kumi na moja kuliko kumwonyesha karani mwandiko ule.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tatu kadi zilikuwa thelathini na tisa na nyumba zilikuwa arobaini.

"Nyumba moja imezidi," Mitsuyo alisema. "Mmoja kati ya hawa ni mfiwa."

Waliwapitia wote arobaini. Huyu walionana naye sokoni juzi. Huyu binti yake anaolewa Februari. Yule Kiyoharu alimpigia simu, mkewe alikuwa anaimba nyuma. Walimaliza na hapakuwa na mfiwa.

"Basi amekwenda," Kiyoharu alisema polepole. "Yumo kwenye zile mia na hamsini."

Mitsuyo alifungua daftari alimokuwa anaandika zilizotumwa, akaanza kusoma kwa sauti. Kiyoharu alikuwa anamenya chungwa na kusema mzima, mzima, mzima.

"Urushizaki."

"Mzima. Hiyo niliandika mwenyewe. Anaishi peke yake, hana mume, hana mtoto, ndugu hana. Hana hata wa kufiwa naye."

Mitsuyo hakusoma jina lililofuata. Aliweka kidole kwenye daftari.

"Baba Chinatsu," alisema. "Paka."

Kiyoharu aliacha chungwa. Aliikumbuka sasa, kadi ya kijivu ya katikati ya Novemba, imechapishwa kama za watu wengine, kingo nyeusi na maneno yote ya heshima, kwamba Goma wetu amepumzika akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa ameisoma kwa sauti pale pale mezani, akacheka mpaka akapiga meza, akamwambia mkewe dunia imekwisha, sasa paka nao wana matanga.

"Uliitia alama?"

"Niliitia. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unacheka. Na mimi wiki hii nzima nimekuwa nahesabu watu."

*

Posta kulikuwa na foleni mpaka mlangoni. Kiyoharu aliinama kwa karani, akasema anataka kurudishiwa kadi aliyotuma. Karani, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, alimpa fomu.

"Sababu?"

"Lazima niandike?"

"Siyo lazima. Inatusaidia."

"Nyumba imefiwa."

"Pole sana. Nani amefariki?"

Nyuma yake walikuwa watu tisa, mmoja wao yule bibi wa kadi themanini. Kiyoharu alisema kwa sauti ambayo alitaka iwe ndogo: "Paka."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilimtesa zaidi. Karani alichukua fomu iliyojazwa, akaitazama, akamtazama Kiyoharu, akaenda nayo nyuma. Kadi za mtaa zilikuwa kwenye trei maelfu kwa maelfu. Alirudi baada ya dakika sita.

"Umeipata upesi," Kiyoharu alisema.

"Inaonekana kwa mbali," karani alisema, akaiweka mezani kando ya fomu. Mwandiko ni ule ule. Hawakumtoza kitu. Alinunua kadi moja ya ile nyumba ya arobaini, ikawa ya kumi na mbili.

Nyumbani Mitsuyo alimpokea mlangoni. "Imepatikana?"

"Imepatikana. Imekwisha."

"Haijaisha. Nenda ukamwone."

"Nikamwone nini? Hajui kitu."

"Wewe unajua."

Alivua koti la kazi. Alivaa koti safi, akapita dukani akanunua boksi la ubani.

*

Bi Urushizaki alikuwa karani wa benki mpaka alipostaafu, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na miwili. Alipomwona fundi mlangoni na boksi la ubani, alisogeza mlango ukafunguka wote.

"Samahani kwa kuchelewa," Kiyoharu alisema. "Tulipata kadi yako mwezi uliopita."

"Ingia," alisema. "Ingia, fundi. Hakuna aliyekuja."

Chumba kilikuwa cha mikeka sita. Juu ya kabati fupi palikuwa na picha ya paka mweusi mwenye sura ya mtu asiyependa wageni, na bakuli la maji. Kiyoharu alipiga magoti, akawasha ubani, akaunganisha viganja. Hakujua paka anaombewa nini. Alimwomba msamaha, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa nalo.

Alipogeuka aliona mikeka. Alikuwa ameitandika yeye, miaka kumi na miwili iliyopita. Mitano ilikuwa imechoka kawaida, rangi ya chai. Wa sita, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa umechanwa kona nzima, nyuzi zimesimama kama nywele.

"Hapo ndipo alipokuwa ananoa kucha," Bi Urushizaki alisema. "Nilimkataza miaka kumi na tisa. Alikuwa ananiangalia machoni huku anachana."

"Mbishi."

"Sana." Alitabasamu. "Nilifikiri nikuite nibadilishe yote kabla ya mwaka mpya, kisha nikawa naahirisha. Ungekuja na kuung'oa huo, ukaupeleka na gari."

Kiyoharu aliukagua ule mkeka kwa vidole. Kila tatami hukatwa kwa mahali pake, huwezi kuuhamishia kona nyingine. Ukibadilisha mitano ukauacha mmoja, chumba kitakuwa kijani kibichi na kiraka cha kahawia dirishani, na kila mgeni atakayeingia atauliza ni fundi gani kafanya kazi ile. Angekuwa mteja mwingine angekataa.

"Mitano nitabadilisha," alisema. "Huu nitaushona pindo tu, zile nyuzi zisizidi kuachia. Kucha zake siziondoi."

"Itakuwa mbaya?"

"Itakuwa mbaya sana," alisema Kiyoharu, ambaye hajui kudanganya.

Bi Urushizaki alicheka, akafuta macho kwa mkono wa sweta, akaenda kuweka maji ya chai.

Tarehe ishirini na nne walipeleka kadi za mwisho. Tarehe ishirini na sita Kiyoharu na Mitsuyo walibeba mikeka mitano wakaitandika, chumba kikanuka majani mabichi. Tarehe mosi kadi zilifika kila mahali. Bwana Tsubokawa alipiga simu kusema tumbo lake ni zima na kuuliza fundi ameumia mkono gani, mbona anwani imeandikwa hivyo.

Mitsuyo alijumlisha tarehe mbili, juu ya meza ya moto, supu ya mochi, keki za mchele za mwaka mpya, ikiwa bado inachemka jikoni. Ukaguzi wa kompyuta, yeni 3,300. Chupa ya mzee Toriumi, 1,980. Kadi kumi na mbili, 1,020. Kalamu tatu za brashi, 660. Ubani wa Goma, 1,100. Jumla, yeni 8,060. Mkeka mmoja wa kahawia umeachwa dirishani kwa Bi Urushizaki, na pindo jipya, na jina la Nozue limeandikwa chini yake. Huo hakuuandikia bei.